Udongo Uwahi Ungali Maji: Somo la Michanganyiko ya Vuli kwa Watoto Wadogo

Mvua ya kwanza ya vuli inapokatika na jua kuchomoza, watoto wa miaka mitatu hadi sita huwa wa kwanza kufika uani. Huchuchumaa penye dimbwi, wakakoroga tope kwa kijiti, wakalijaza katika kifuu cha nazi, wakalipindua na kuita kilichotoka ubwabwa au keki. Wazee huuita mchezo huo kujipikilisha. Mara nyingi hukatizwa na sauti kutoka jikoni: "Wee, toka huko, unajichafua!" Mtoto hunyanyuka, hunawishwa, na swali lililokuwa mkononi mwake huoshwa pamoja na tope.

Somo la toleo hili linahusu swali hilo. Lengo lake ni kuwaonesha wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali namna ya kuugeuza mchezo wa kukoroga kuwa somo la kwanza la sayansi, kwa vitu vilivyomo nyumbani na kwa usalama. Jambo la usalama lina uzito wa pekee katika majira haya, kwa sababu vuli huleta nyumbani vitu viwili kwa wakati mmoja: udongo laini unaomwita mtoto, na mbegu na dawa za shambani ambazo mtoto hapaswi kuzigusa kamwe.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja mambo matano ambayo mtoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 anayahitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Wazazi wengi wanayafahamu vyema mawili ya kwanza, kwa kuwa mtoto hupelekwa kliniki, hupimwa uzito na kupewa chanjo. Fursa za ujifunzaji ndizo zinazodhaniwa kuwa ni kazi ya shule peke yake, ilhali mtoto huanza kujifunza siku nyingi kabla ya kuvaa sare.

VULI YA KWETU NA VULI YA MBALI

Siku hizi husambaa kwenye simu picha za video zinazoonesha watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wakicheza na mabeseni yaliyojaa majani mekundu, maboga, mdalasini na ute wa rangi. Hayo ni majira yao ya Septemba hadi Novemba, ambayo vitabu vya tafsiri huyaita pia vuli. Huko siku hufupika, baridi hukaribia, na miti huacha kutengeneza rangi ya kijani katika majani yake. Kijani kinapotoweka, rangi ya njano iliyokuwa imefichika ndani ya jani huonekana, na katika baadhi ya miti rangi nyekundu hutengenezwa kabla jani halijaanguka.

Vuli ya kwetu, ya Oktoba hadi Desemba, ni majira ya mvua na ya kupanda. Hata hivyo, majani mekundu hayakosekani. Mkungu wa pwani hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, kama miti ya Ulaya ifanyavyo. Misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Ruvuma hufanya kinyume chake: majani huwa mekundu yanapochipua, wiki chache kabla ya mvua, kisha hugeuka kijani yanapokomaa. Mtoto anayeokota jani jekundu chini ya mkungu ameshika somo lilelile analoshika mtoto wa Ulaya. Hata viungo vinavyonukia katika mabeseni ya huko si vigeni hapa, kwani karafuu hulimwa Unguja na Pemba, na mdalasini hulimwa katika milima ya Usambara.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuagiza kitu dukani ili kuiga video hizo. Tena baadhi ya vitu vinavyotumika humo, hasa boraksi inayotiwa katika gundi ili kupata ute unaovutika, havimfai mtoto mdogo. Ute wa bamia unatosha, kama itakavyoelezwa hapa chini.

KWA NINI MIKONO KWANZA

Mtaalamu wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980), aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alikuwa na jaribio moja ambalo mzazi yeyote anaweza kulirudia. Vikombe viwili vinavyolingana hujazwa maji sawa mbele ya mtoto. Kisha maji ya kikombe kimoja humiminwa katika chombo chembamba na kirefu. Mtoto akiulizwa ni wapi penye maji mengi, watoto wengi walio chini ya miaka saba huonesha chombo kirefu, ingawa wameona kwa macho yao kwamba hakuna tone lililoongezwa.

Jibu hilo si dalili ya uzito wa akili. Mtoto wa umri huo huamini kile kinachoonekana kwa wakati ule, na urefu wa maji unamvutia kuliko upana wa chombo. Kumweleza kwa maneno kwamba amekosea hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kumimina mwenyewe, kurudisha, na kumimina tena, mpaka siku moja aseme bila kufundishwa kwamba maji ni yaleyale. Ndiyo maana michanganyiko iliyoelezwa katika somo hili haina jibu la kukaririwa. Kazi ya mtu mzima ni kutayarisha, kukaa karibu, kuuliza na kusubiri.

Maswali yanayofaa ni mafupi: "Unaona nini?" "Unadhani kitatokea nini tukiongeza maji?" "Mbona sasa pamekuwa hivi?" Mtoto akikaa kimya, aachwe na ukimya wake. Akitoa jibu lisilo sahihi, aulizwe: "Tutajuaje?" Neno hilo moja lina thamani kuliko sifa nyingi, kwa maana linampeleka mtoto kwenye kujaribu.

MATAYARISHO

Kinachohitajika ni beseni pana lisilo na kina kirefu, kijiko, vikombe viwili vinavyolingana, chupa moja ya plastiki inayoonesha ndani, gunia au jamvi la kukalia, nguo kuukuu, na maji na sabuni ya kunawa. Mchezo wa dakika ishirini unatosha. Mtu mzima hukaa umbali wa mkono mmoja muda wote, kwa kuwa mtoto mdogo aweza kuzama hata katika maji kidogo ya ndoo au beseni.

Michanganyiko hii imekusudiwa watoto wa miaka mitatu na kuendelea. Walio chini ya umri huo huonja kila wanachokishika, hivyo wao wapewe maji safi, kijiko na kikombe tu, bila punje za mahindi, maharage wala vipande vidogo vinavyoweza kuwapalia.

Mtoto asiyependa kugusa kitu chenye utelezi asilazimishwe. Apewe kijiti au kijiko, atazame wenzake, naye atasogea kwa wakati wake. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa macho, beseni hili ni kitabu kilicho wazi: joto, baridi, ugumu, ulaini na harufu ndizo herufi zake.

MCHANGANYIKO WA KWANZA: UDONGO NA MAJI

Udongo uchukuliwe mahali safi, mbali na choo, jalala, zizi na njia ya mifugo, kwa sababu udongo uliochafuliwa na kinyesi hubeba mayai ya minyoo. Mtu mzima aupekue kwanza kuondoa vipande vya chupa, misumari na miiba.

Hatua ya kwanza ni harufu. Udongo mkavu uwekwe katika sahani, mtoto aunuse. Kisha unyunyiziwe maji machache kwa vidole, kama manyunyu, naye aunuse tena. Harufu ile ya mvua ya kwanza, ambayo kila mkazi anaifahamu, hutoka. Sehemu yake kubwa hutokana na vijidudu visivyo na madhara vinavyoishi udongoni, ambavyo hutengeneza kemikali yenye harufu kali kiasi kwamba pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa ndogo mno. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliichunguza harufu hiyo na kuipa jina la kisayansi. Mtoto hahitaji jina hilo. Yatosha ajue kwamba udongo una uhai ndani yake, na kwamba maji huuamsha.

Hatua ya pili ni kutuama. Konzi mbili za udongo hutiwa katika chupa, maji hujazwa mpaka karibu na shingo, kifuniko hufungwa, na mtoto huitikisa kwa nguvu zake zote. Chupa huwekwa chini, kisha haiguswi. Kwa muda mfupi tu mchanga huwa umekwisha kukaa chini, kwa kuwa chembe zake ni kubwa na nzito. Vumbi laini hufuata taratibu. Chembe za mfinyanzi, zilizo ndogo kuliko zote, huyaacha maji yakiwa na rangi ya chai kwa saa nyingi, hata mpaka kesho yake. Mtoto akiamka asubuhi na kukimbilia chupa, ataona tabaka moja juu ya jingine. Familia inayolima itafaidika pia, kwani chupa hiyo inaonesha kama shamba lina mchanga mwingi usioshika maji au mfinyanzi mwingi unaoyatuamisha.

Hatua ya tatu ni kufinyanga. Mtoto apewe udongo wa kichanga mkono mmoja na wa mfinyanzi mkono wa pili, ajaribu kutengeneza kamba nyembamba kwa kila mmoja. Wa kichanga utakatika, wa mfinyanzi utavutika. Aulizwe: "Bibi akitaka kufinyanga chungu, achukue upi?" Jibu atalitoa kwa vidole kabla ya kulitoa kwa mdomo.

MCHANGANYIKO WA PILI: WANGA UNAOGEUKA JIWE

Wanga ni ule unga mweupe laini unaotiwa katika kanzu na sare ili zisimame. Unaopatikana dukani ni wa mahindi. Nyumbani waweza kutengenezwa kwa muhogo: muhogo mtamu humenywa, hukwaruzwa au kutwangwa, huchanganywa na maji na kuchujwa kwa kitambaa safi. Maji meupe yaliyochujwa huachwa yatuame kwa saa kadhaa, maji ya juu humwagwa, na wanga uliobaki chini huanikwa juani. Kazi hii ni ya mtu mzima. Muhogo mchungu usitumike, kwa sababu una sumu, na maji ya kuchujia yamwagwe mbali na wanyama. Sembe na dona hazifai kwa jaribio hili, maana si wanga mtupu.

Vikombe viwili vya wanga hutiwa katika beseni, kisha kikombe kimoja cha maji huongezwa kidogo kidogo huku mtoto akikoroga kwa vidole. Ukiwa mzito mno, maji huongezwa kijiko kimoja kimoja. Mchanganyiko ukiwa tayari, utatiririka kama uji. Hapo mtoto aambiwe aupige kwa ngumi. Ngumi itagota kana kwamba imepiga ubao. Aushike konzi na kuufinya, atapata donge gumu. Akilegeza vidole, donge litayeyuka na kumdondoka mkononi.

Watoto wengi hucheka, halafu hunyamaza na kurudia. Mtu mzima naye hushangaa, na ni vyema asiufiche mshangao wake. Maelezo ni haya: wanga hauyeyuki katika maji baridi, bali punje zake ndogo sana huelea zikiwa zimesongamana. Zikisukumwa polepole, maji hupata nafasi ya kupita kati yake na punje huteleza. Zikipigwa ghafla, hukosa nafasi ya kupishana, hukwaruzana na kukabana, kama watu wanaokimbilia mlango mmoja kwa pamoja. Wakitoka mmoja mmoja wote hupita. Wakisukumana, mlango huziba.

Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliandika juu ya mtiririko wa vimiminika vya kawaida. Maji hayabadiliki wepesi wake wa kutiririka kwa kukorogwa kwa kasi au polepole. Wanga huu haufuati kanuni hiyo, na mtoto wa miaka minne ameligundua hilo kwa ngumi yake. Maswali ya kumwuliza ni mawili: "Hiki ni maji au ni jiwe?" na "Nini kinakigeuza?"

Mchezo ukiisha, mchanganyiko usimwagwe katika sinki wala mfereji, kwa kuwa wanga hutuama na kuziba. Uanikwe juani. Maji yatakauka, wanga utarudi kuwa unga, na waweza kuhifadhiwa kwa mchezo mwingine, ukitengwa na unga wa kupikia.

MCHANGANYIKO WA TATU: BIZARI INAYOBADILI RANGI

Kila aliyewahi kufua kanga iliyodondokewa na mchuzi wa bizari ya manjano ameliona jambo hili: doa la njano linapoguswa na sabuni hugeuka jekundu. Wengi hudhani sabuni imeharibu nguo. Kumbe bizari inatoa taarifa. Ina rangi inayobaki njano katika vitu vyenye uchachu, na kugeuka nyekundu ya kahawia katika vitu vyenye asili ya magadi, na sabuni ya mche ni mojawapo.

Kijiko kimoja cha chai cha bizari ya manjano hukorogwa katika kikombe cha maji, kisha maji hayo hugawanywa katika vikombe vitatu vidogo. Cha kwanza kiachwe kama kilivyo ili kiwe kipimo. Cha pili kitiwe maji ya limao. Hakuna mabadiliko makubwa yatakayoonekana. Cha tatu kitiwe maji yaliyokorogewa sabuni ya mche. Rangi itageuka papo hapo. Mtoto aulizwe: "Twaweza kuirudisha?" Limao likikamuliwa katika kikombe hicho cha tatu kwa kiasi cha kutosha, njano itarudi.

Penye choya iliyokaushwa, jaribio huwa zuri zaidi. Maji yake mekundu yakitiwa chembe ya magadi huelekea zambarau na buluu, hata kijani. Mtoto amejifunza kwamba rangi yaweza kuwa ishara, na kwamba kikombe kisichoguswa ndicho kinachomwezesha kusema nini kimebadilika. Huo ndio msingi wa kila jaribio la kisayansi, kuanzia darasa la awali hadi maabara ya chuo kikuu.

Mwisho wa zoezi ni povu. Mtu mzima huweka chembe ya magadi yanayopikiwa makande, isiyozidi ncha ya kijiko, katika sahani. Mtoto hudondoshea juu yake maji ya ukwaju au limao. Povu litachemka bila moto. Uchachu na magadi vinapokutana hutoa hewa ukaa, ileile inayotoa viputo katika soda. Mambo matatu yazingatiwe: mtoto asishike magadi kwa mkono wala kujigusa macho, vitu hivi visifungiwe katika chupa kwani yaweza kupasuka, na nguo zivaliwe zile zisizojali madoa.

MCHANGANYIKO WA NNE: UTE WA BAMIA

Bamia nne au tano, hata zile zilizokomaa mno zisizofaa kupikwa, hukatwa na mtu mzima na kulowekwa katika kikombe cha maji kwa saa mbili au usiku kucha. Maji hugeuka ute unaovutika kama wa mlenda. Mtoto aunyanyue kwa kijiko, atazame unavyoning'inia, aulinganishe na maji ya kawaida. Ndani ya bamia mna nyuzi ndefu sana za aina ya sukari isiyo tamu, zisizoonekana kwa macho, ambazo huyashika maji na kuyafunga pamoja. Tone la maji ya choya au ya bizari litaupa ute rangi. Karafuu moja au kijiti cha mdalasini kitaupa harufu, nao utafanana na zile video za mbali bila hatari ya boraksi.

Ute huu huharibika upesi. Usilazwe zaidi ya siku moja baada ya kuchezewa.

HOJA YA WAZEE: CHAKULA HAKICHEZEWI

Hoja hii ina haki yake, na haifai kupuuzwa. Vuli ni majira ambayo ghala la familia nyingi limepungua na mazao mapya yangali shambani. Mtoto akizoezwa kuona unga ukimwagwa kwa furaha, atajifunza jambo ambalo wazazi hawakukusudia kumfundisha.

Ndiyo sababu vipimo vya somo hili ni vidogo, wanga huanikwa na kurudiwa, bamia huwa zilizokomaa, na limao laweza kuwa lililokwisha kukamuliwa. Pia ni vizuri mtoto aambiwe wazi: "Hiki tumekitenga kwa ajili ya kujifunza. Kile cha jikoni ni cha kula." Kutofautisha hivyo ni adabu na ni somo. Nyumba ambayo chakula ni haba isitumie chakula hata kidogo. Mchanganyiko wa kwanza, wa udongo na maji, unatosha kwa msimu mzima, na hakuna kati ya mingine inayouzidi kwa mafunzo.

VISIVYOINGIA KATIKA BESENI

Sehemu hii isomwe na kila mtu mzima wa nyumba, akiwemo kaka au dada anayeachiwa watoto wazazi wanapokwenda shamba.

Kwanza, mbegu za kupanda zilizotiwa dawa. Mbegu hizo hupakwa rangi, aghalabu waridi, nyekundu au kijani, ili zitofautishwe na nafaka ya kula. Rangi hiyo inayomwonya mkulima ndiyo inayomvutia mtoto. Zihifadhiwe mahali pa juu, ndani ya mfuko wake, na zilizobaki baada ya kupanda zisiachwe uani. Mfuko mtupu usigeuzwe kuwa chombo cha kuchezea.

Pili, nafaka iliyochanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu ghalani. Hata ikipepetwa haifai kuwa mchezo.

Tatu, dawa za kilimo na mifugo, mafuta ya taa, majivu yangali na moto, saruji, chokaa na dawa za kufulia nguo. Vitu hivi visihifadhiwe katika chupa za maji au soda, maana mtoto huijua chupa na hajui kilichomo.

Nne, mimea ya hatari inayoota karibu na nyumba. Mbegu za mbarika, yaani nyonyo, zina madoadoa ya kupendeza na sumu kali. Mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi za mtipitipi ni hatari vilevile. Utomvu mweupe wa mnyaa, mti unaopandwa sana kwa ua, ukiingia machoni huunguza na waweza kudhuru uwezo wa kuona.

Mtoto akimeza kitu cha namna hii, asitapishwe wala asipewe maziwa au mafuta kwa kukisia. Apelekwe mara moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kilichomezwa au mfuko wake uchukuliwe ili mhudumu aone. Kitu kikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mtoto apelekwe kituoni.

BAADA YA MCHEZO

Mtoto anawe mikono kwa sabuni, na kucha zisafishwe. Maji yote yamwagwe na vyombo vipinduliwe, kwani maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu, na vuli ni majira yao. Kisha mtoto aombwe kumsimulia baba, bibi au jirani alichokiona. Masimulizi hayo ndiyo yanayojenga lugha atakayoihitaji darasani.

Mchezo humsaidia pia mzazi kumwona mtoto wake. Beseni huonesha mapema kama mtoto hashiki kijiko vizuri, hageuki anapoitwa kwa nyuma, husogeza vitu karibu mno na macho, au hajaanza kuunganisha maneno kama wenzake wa rika lake. Dalili hizo zisisubiri mpaka aandikishwe shule. Zielezwe kliniki au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa sababu msaada unaotolewa mapema huzaa matunda zaidi.

Mzazi anayehitaji maelezo zaidi anashauriwa kuzungumza na mwalimu wa darasa la awali wa shule iliyo karibu, au kufika katika Ofisi ya Mtendaji wa Kata ili aelekezwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Maendeleo ya Jamii. Anayempeleka mtoto katika kituo cha kulelea watoto mchana ana haki ya kuuliza kama kituo kimesajiliwa, watoto wanacheza nini na wapi, na ni nani anayekaa nao wanapocheza.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi akichelewa, udongo hukauka na haukubali tena umbo. Mvua ijayo ikikatika na mtoto akakimbilia dimbwi, mtu mzima aliye karibu anaweza kuchukua kigoda, kuketi kando yake na kumwuliza anapika nini leo. Nguo itafuliwa jioni.